Namba Mia Saba

Saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ambayo familia yake ingepokea mahari, Nsimire aliingia kwenye duka la mashine za kufulia akiwa amekumbatia kikapu cha plastiki kilichomzidi ukubwa. Juu ya kikapu palikuwa na vitambaa vinane vyeupe vya meza. Chini yake alikuwa ameficha nguo zake mwenyewe: suruali mbili, sweta, gauni la manjano, viatu vya kazini na bahasha yenye karatasi zake zote za Amerika. Msichana anayetoroka sherehe yake hawezi kuonekana na sanduku, na Nsimire, hata kama mapenzi yalikuwa yamempumbaza, kwa hilo alitumia akili.

Sherehe yenyewe watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanaiita dot. Ilipangwa saa nane mchana, nyumbani kwa Shangazi Adolphine, mitaa miwili tu kutoka hapo. Kwa desturi upande wa mume ndio hufunga safari kwenda kwa akina binti, na akina Nsimire walikaa Louisville, mtaa wa Beechmont. Lakini Mama Bahizire, mama wa bwana harusi, miguu yake ilikuwa imekufa zamani na safari ndefu zilimtesa. Basi Baba Cubaka, baba yake Nsimire, akakubali mahari ipokelewe hapa Columbus kwa dada yake, maana nyumba ya shangazi ni nyumba ya binti pia. Jana jioni waliwasili kwa magari matatu, na usiku huohuo mashine ya shangazi ikagoma ikiwa na maji tumboni. Nsimire alijitolea kwenda kufua kwa haraka iliyomfanya shangazi amtazame mara mbili.

"Mutoto muzuri," shangazi akasema. "Hata siku yake anafanya kazi."

Nsimire alitamani ardhi impasukie.

Alitia vitambaa kwenye mashine, akasimama karibu na kioo cha mbele, akatoa simu. Alikuwa ameusoma mstari ule mara zisizo na idadi tangu Jumanne, akausoma tena. Namba 700. Bila Jina. Nakungoja.

Neno moja tu. Msichana mzima aliacha kula kwa ajili ya neno moja, akaanza tena kula kwa ajili yake.

Mambo haya yalianzia Buffalo, mwaka juzi, kwenye mkahawa wa Wakongomani mtaa wa Grant. Nsimire alikuwa amekwenda harusi ya binamu yake. Meza ya pembeni alikaa Mkenya mrefu mwenye miwani, anaitwa Mwaura, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Amherst, pembeni mwa Buffalo, na alimwomba chumvi kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka Nsimire akacheka. Chumvi ikazaa maneno, maneno yakazaa chai.

"Unasoma nini pale?" Nsimire alimuuliza.

"Nasoma Wajapani. Vile wanaandika kwa mitandao bila majina."

Kijiko cha sombe, yaani kisamvu, kilibaki hewani. "Mukenya, mu Amerika, anasoma juu ya Bajapani?"

"Si lazima mtu asome kitu jirani yake hajui?" Mwaura akacheka pia, kisha macho yake yakawaka kama ya mtoto aliyeulizwa habari za mpira. "Niskize. Wana mbao za kuandikia, kwa intaneti. Hakuna jina, hakuna picha. Wote wanaitwa jina moja: asiye na jina. Mtu anakuja na shida yake, wengine wanamjibu, kila jibu na namba yake. Likifika la elfu moja, mada inafungwa. Hakuna kuandika tena, hata ulie."

"Na mugeni anaandika pia?"

"Mgeni anaambiwa asome tu kwanza, nusu mwaka, ajue adabu za pale. Wengine wanasoma miaka na hawaandiki hata siku moja. Halafu kuna hii naipenda. Mtu anasema: namba fulani ndiyo itaniamulia. Yeyote atakayeangukia namba hiyo, atakachosema, nitafanya."

"Na akisema ajitupe mu maji?"

"Hawaui mtu. Wanamwambia anyoe nywele, ama ampigie msichana simu. Na anaenda kweli, halafu anarudi kuwasimulia. Ikikaribia elfu moja sasa, ndiyo utacheka. Wanakimbizana. Kila mtu anaandika: kama hii ni ya elfu moja, fulani apone. Kama hii ni ya elfu moja, nipate kazi. Anayeipata, wanasema ombi lake litatimia."

"Inatimiaka?"

"Sijaona hata moja," Mwaura alisema. "Lakini wanakimbizana."

Nsimire alimpenda papo hapo, kwa namna alivyosema maneno hayo ya mwisho. Tangu siku hiyo ikawa simu za asubuhi, simu za jioni, na basi la kwenda Buffalo kila alipopata siku tatu za mapumziko kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Mwaura naye akatengeneza ubao kama wa Kijapani, kwa Kiswahili, aone kama watu wetu wangeutumia vile. Aliuita Bila Jina. Wakongomani wa Louisville, Columbus na Buffalo waliupokea kwa mikono miwili.

Tatizo ni kwamba Japani watu ni mamilioni, na asiye na jina anapotea humo kabisa. Wakongomani wa miji hii mitatu wanajuana hadi nani alichelewa ibada na kwa sababu gani. Profesa wa chuoni asingeweza kulijua hilo, lakini Mwaura alikula sombe yao, angepaswa kujua.

Mwezi wa tatu Baba Cubaka alimwita Nsimire akamwambia amemkubali Bahizire awe mumewe. Nsimire, akiwa hana wa kumwambia, alifungua mada kwenye ubao. Aliandika kwamba ana wanaume wawili, mmoja wa Columbus aliyechaguliwa na baba, mmoja Mkenya wa Buffalo aliyechaguliwa na moyo. Na kwa kuwa hakutaka kumwonea yule wa Columbus, akamsifu. Akaandika kwamba ni kijana mwema, kwamba kila Jumapili humbeba mama yake mgongoni kupandisha ngazi za kanisa.

Katika Amerika nzima alikuwepo kijana mmoja tu wa namna hiyo. Kabla ya jua kuzama Columbus yote ilijua, na kesho yake Louisville.

Hakuna aliyelitaja jina lake, kwa sababu adabu ya ubao waliishika. Walimshauri, wakamtukana, wakamwombea, wote wakiwa Bila Jina, na Jumapili wakamtazama kanisani kana kwamba ana tope usoni. Baba yake alisomewa yote na mzee mwenzake. Hakupiga kelele. Alimketisha binti yake jikoni.

"Ile Mukenya, baba yake tunamujua? Siku nitakufa, atanililia mu luga gani?"

"Baba, anasema Kiswahili."

"Hata redio inasema Kiswahili." Alisogeza kiti chake karibu. "Wakati tulikimbia vita, mama yako alikuwa na mimba, mi nilibeba mizigo. Nani alikubeba?"

Nsimire alijua. Aliambiwa tangu utotoni.

"Mama Bahizire alikubeba siku ine ku mugongo. Leo hana miguu. Na weye umemuandika mu intaneti, batu yote banamuchekelea. Donc, basi, ukikataa mutoto yake sasa, unataka aweke uso wake wapi?"

Nsimire aliinuka akaanza kuosha vyombo. Ndipo Jumapili iliyopita, mada ikiwa imefika 698, akaandika ya mwisho aliyokuwa nayo moyoni: "Namba mia saba mwachieni mtu mmoja. Anajijua. Aandike neno moja, nakungoja, nami nitakwenda. Asipoandika, nitamtii baba." Hiyo ikawa 699.

Na watu wakanyamaza. Watu wa Kivu, wenye midomo yote ile, waliokuwa wakimchana tangu mwezi wa tatu, waliacha kuandika wote kwa pamoja. Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Hakuna aliyeigusa ile namba. Kisha Jumanne mchana, ikatokea: Nakungoja. Nsimire akamtumia Mwaura ujumbe kwamba ameiona, Jumamosi atakuwa Columbus, aje amchukue. Mwaura akajibu: Nakuja.

Gari la kijivu lilisimama mbele ya kioo. Nsimire alisahau kikapu, akasahau mashine, akafika mlangoni kabla Mwaura hajazima injini vizuri.

Macho yao yalikutana yakakaa. Mwaura alikuwa amekonda. Shati lilikunjika mgongoni kwa safari ndefu, na nywele za kisogoni zilisimama upande mmoja. Nsimire alitaka kuzilaza kwa kiganja chake, na akafanya hivyo.

"Umekuya," alisema.

"Nimetoka Amherst kukiwa bado giza." Sauti yake ilikwaruza. "Nsimire, uko sawa?"

"Niko sawa sasa. Nguo yangu iko mu kikapu. Tungoje tu bitambaa bikauke, nibikunje, nibiache hapa, niitie tantine Adolphine akuye abitwae. Siwezi kuacha meza ya batu bila bitambaa."

"Unatoroka, na unafua kwanza?"

"Mi natoroka, haiko kuiba."

Walicheka wote wawili. Ndicho kicheko chao cha mwisho, na laiti wangejua wangekirefusha.

Walihamisha vitambaa kwenye mashine ya kukaushia, wakaketi bega kwa bega kwenye viti vya plastiki. Mwaura akafungua mkoba wake, akatoa karatasi zilizofungwa vizuri kwa jalada la bluu. Alizishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Nimekuletea kitu. Ni sura ya nne ya thesis, nimeimaliza juzi. Nilitaka wewe uwe mtu wa kwanza kuisoma. Jina lako halimo, usiogope, hakuna mahali limetajwa. Profesa nilimsimulia tu, akasema hajaona kitu kama hii."

"Juu yangu?"

"Juu ya mada yako. Vile watu walinyamaza. Hata Japani sijaona wamefanya vile."

Nsimire alichukua, akafungua alipowekewa alama. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha dawa na vitanda, lakini mistari ile ilikuwa rahisi. Ilisema kwamba baada ya jibu la 699 washiriki wote walinyamaza kwa saa hamsini na mbili na dakika kumi na nne. Ilisema kwamba mtafiti aliendelea kusoma bila kuandika. Ilisema kwamba jibu la 700 lilitoka kwa mshiriki ambaye hakuwahi kuandika kabla ya hapo, wala hakuandika tena.

Akarudia kusoma. Kidole chake kikasimama kwenye neno mtafiti.

"Mutafiti njo nani?"

"Ni mimi. Ndiyo vile huandikwa," Mwaura alianza, na katikati ya neno akaelewa alichokifanya. Mkono wake ukanyoka kuzitwaa karatasi. Nsimire akazivuta kifuani.

"Donc, mia saba haikukuwa weye."

Mashine ilizungusha vitambaa, ikazungusha. Mwaura alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nsimire."

"Nakuuliza kitu moja. Ni weye, ao si weye?"

"Si mimi."

Wapenzi wengine hapo wangepiga mayowe. Nsimire aliuliza kwa sauti ndogo, kama anavyowauliza wazee wake wanapoanguka, wameumia wapi. "Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona yote. Aki nilifungua pale pa kuandika mara kumi. Nikaandika lile neno, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Ningeandika, kazi yote ingekuwa imeharibika. Miaka minne. Mtu anayechunguza haingilii, ndiyo kanuni. Profesa angetupa kila kitu, na viza yangu iko kwa hiyo kazi."

"Ungeniitia ku telefone."

"Ningekupigia, ungeandika vingine. Hiyo pia ni kuingilia."

"Saa makumi tano na mbili," Nsimire alisema. "Na dakika. Mwaura, mi nilikuwa nalia mu choo ya kazi. Bibi moja namuogesha, hanaga akili tena, hata jina ya mutoto yake amesahau, akanipanguza macho na mukono yake. Batu bale bananitukana toka mwezi ya tatu balifunga kinywa juu yangu. Hata bale bananichukia. Bote balikuachia weye nafasi. Na weye ulikuwa pale, unahesabu."

"Nimekuja sasa." Mwaura alishika mkono wake. Kiganja chake kilikuwa na joto lilelile la mtaa wa Grant. "Nimesema kwa mdomo wangu. Nakungoja. Gari ndiyo ile. Saa nane tuko nyumbani."

Nsimire alilitazama gari. Msomaji asije akadhani hakulitamani. Alimpenda Mwaura, alimpenda pale alipoketi, na karatasi zile zikimchoma kifuani. Kama Mwaura angenyamaza tu, kama angembeba kikapu akatangulia, huenda angemfuata. Lakini lilikuwepo swali, na swali likishafika kinywani halirudi.

"Kama ule mutu hakuandika," alisema, "ungekuya?"

Mwaura alikuwa na kila nafasi ya kudanganya. Alikuwa mkweli, na hakuna siku mbaya ya kuwa mkweli kuliko hiyo.

"Sijui," akasema.

Mkono wake ukaachiwa, taratibu, kama kitu kinachowekwa mezani.

"Ule mutu ni nani?"

"Jina sina. Naonaga mji tu, na saa mtu anaingia. Ni wa Columbus. Amesoma mada yako kutoka siku ya kwanza, kila jibu, na hakuwahi kuandika. Anaingia kila siku saa sita na nusu mchana. Dakika kumi tu, anatoka."

Saa hiyo Nsimire aliijua. Hapohapo Columbus, kwenye ghala la kupakia mizigo, Bahizire alipata mapumziko ya chakula saa sita na nusu. Na kila siku, tangu mwezi wa tatu, saa saba kasoro dakika ishirini, simu ya Nsimire ililia huko Louisville. Bahizire hakuwa msemaji. Aliuliza jambo moja tu. Umekula? Nsimire alijibu ndiyo, nimekula, kwa sauti ya mtu anayetaka simu ikatwe. Kumbe alikuwa ametoka kusoma, dakika hiyohiyo, jinsi anavyopendwa mwanamume mwingine.

"Unamjua?" Mwaura aliuliza.

"Namujua."

Mashine ililia. Vitambaa vilikuwa vimekauka, na kazi haisubiri moyo wa mtu. Kitambaa cha meza kirefu hakikunjiki na mtu mmoja, kwa hiyo Mwaura alishika ncha mbili, Nsimire ncha mbili, wakarudi nyuma, wakasogeleana. Kila kunjo liliwakutanisha vidole. Mara nane walikaribiana hivyo, pua kwa pua, na mara nane Nsimire alizipokea ncha kutoka mikononi mwake akageuka kuziweka kikapuni. Kwenye kitambaa cha nane Mwaura hakuziachia.

"Nitaacha shule," alisema. "Nitaichoma hii karatasi."

"Usiichome. Imekugharimu miaka mine." Nsimire alizitoa ncha vidoleni mwake, kimoja baada ya kingine. Machozi yalimtiririka na hakuyajali. "Nilikupenda sana, weye. Sikuwahi kupenda mutu vile. Kitu niliomba ilikuwa neno moja."

Alimrudishia jalada la bluu, akainua kikapu kilichomlemea upande mmoja, akatoka.

Nyuma ya nyumba ya shangazi Bahizire alikuwa akishusha viti vya kanisa kutoka kwenye gari. Alikuwa mpana wa mabega, bado akiwa na suruali ya kazini, shati jeupe la sherehe likiwa limening'inizwa mlangoni mwa gari. Bwana harusi hatakiwi kumwona binti kabla ya muda wake, hivyo alipomtambua kwa hatua zake alimpa mgongo, akaongea akitazama viti.

"Umerudi," alisema. Haikuwa furaha. Alisema kama mtu aliyeona mvua kwenye nguo alizoanika.

"Bahizire. Ni weye njo uliandika mia saba?"

Kiti kilikunjuka mikononi mwake. Alikikunja tena polepole.

"Niliona ule wa Buffalo hataandika," alisema. "Siku mbili. Nikawaza, labda anaogopa, labda iko ku kazi. Nikaona unangoja. Sikuweza kuangalia tena. Nikasema, nikiandika, utaenda, na ukifika kwake atafurahi, mambo itaisha vizuri. Mama yangu nilikuwa nitamuongelesha miye mwenyewe."

"Ulinifungulia mulango."

"Eee."

"Niliingia. Hakukuwa mutu ndani."

Bahizire alishusha kiti kingine garini.

"Neno lenyewe haikukuwa uongo," alisema hatimaye. "Nilikuwa nakungoja pia. Lakini siyo vile. Sikutaka ukuye juu umekosa pengine."

"Najua."

"Kama hautaki, sema kule mbele. Nitabeba mama yangu, tutaenda. Hatutakasirika."

Nsimire alitazama mabega yale yaliyopandisha ngazi Jumapili baada ya Jumapili. Alitafuta ndani yake kitu cha kumpa mwanamume huyu, chochote, hata kidogo cha kuanzia. Alikuta heshima, alikuta huruma, alikuta aibu. Kile kingine hakikuwepo. Kilikuwa barabarani kikirudi Buffalo ndani ya gari la kijivu.

"Umekula?" alimuuliza.

Bahizire alitikisa kichwa bila kugeuka.

Saa nane wageni walijaa sebuleni. Meza zilivikwa vitambaa vyeupe na hakuna aliyejua safari iliyopangwa chini yake. Mama Bahizire aliingia mgongoni mwa mwanawe, kitenge cha bluu kimemfunika miguu, akakalishwa karibu na dirisha. Mbuzi walitajwa, majembe yakatajwa, blanketi la bibi likakunjuliwa likasifiwa. Kisha Marcellin, msemaji wa familia, akainua mkono. Nsimire akaletwa na shangazi wawili, kichwa chini.

"Binti yetu," Marcellin alisema, "hawa bageni bamekuya na bintu. Unabajua? Tupokee, ao tubarudishie?"

Nusu ya waliokuwa mle walikuwa Bila Jina, walionyamaza siku mbili kwa ajili yake, na sasa walinyamaza tena, safari hii wakiwa na sura zao. Baba Cubaka alitazama mikono yake. Bahizire aliinua macho, akamtazama Nsimire mara moja, akayapeleka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Aliuacha wazi kwa makusudi.

Karibu na dirisha Mama Bahizire aliinamia mbele kwenye kiti chake, mikono imefunguka tayari, kama ya mtu anayengoja kupandishiwa mtoto mgongoni.

"Mupokee, baba," Nsimire alisema.

Vigelegele vikapasua dari. Mama Bahizire alimvuta kifuani akalia kwa furaha, akimwita mutoto yangu, mutoto yangu, na Nsimire akalia naye, na watu wakasema tazama jinsi wanavyopendana. Baba Cubaka alifuta macho kwa kiganja. Bahizire peke yake hakutabasamu.

Wali ulipoanza kupakuliwa, Nsimire aliingia bafuni, akafunga, akafungua ubao. Tangu Jumanne watu walikuwa wameanza kuandika tena, na sasa mada ilikuwa ikikimbia. Waliokuwa sebuleni na waliokuwa Louisville na Buffalo walikuwa wakiandika wote kwa pamoja, 991, 994, 997, kila mmoja na ombi lake. Kama hii ni ya elfu moja, wapate watoto. Kama hii ni ya elfu moja, yule wa Buffalo asilale usingizi. Akiwa anatazama, namba ya elfu moja ikatokea. Haikuwa ya Bahizire. Kupitia dirisha dogo alimwona uani, amembeba mama yake kumtoa juani, mikono yake yote miwili imeshika miguu ya mama.

Namba 1000. Bila Jina. Kama hii ni ya elfu moja, ampende hata kidogo.

Nsimire aliusoma mstari ule. Alitaka kuandika amina. Akatafuta pale pa kuandikia, akashusha ukurasa, akaupandisha. Mada ilikuwa imefungwa.